Ndoo ya Bi Vlasta

Miezi minane breki ilikataa kulia.
Nilikuwa nimeifunga kwenye mashine, chumba cha chini kabisa,
Ostrava, nyuma ya kitivo, ambako lifti haifiki:
diski ya chuma, pana kama sinia la pilau,
pedi mbili zikiibana huku na huku,
maikrofoni nne zimeinamisha vichwa
kama wapangaji wanaotega sikio ukutani.

Nikazungusha. Nikabana. Nikaachia.
Mara elfu kumi na moja na mia sita.
Kimya.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
zangu zilijaza kompyuta mbili,
ukimya mtupu, umepangwa kwa tarehe.

Na mtaani je? Mtaani ililia kila asubuhi.
Gari la jirani, breki zilezile, pedi zilezile,
saa kumi na mbili kasorobo likitoka maegeshoni
lilipiga ukelele ulioamsha mbwa wa ghorofa ya saba.
Nami dirishani, na nguo za kulala,
mtafiti wa shahada ya uzamivu, mwaka wa tatu,
nikilionea wivu gari la mtu.

Profesa Havránek aliisoma ripoti yangu amesimama.
"Kampuni inalipia kelele," akasema,
"wewe unaniletea amani."
Ufadhili ulikuwa umebakiza miezi mitano.
Nikabadilisha pedi. Nikabadilisha shinikizo.
Nikaongeza herufi za Kigiriki kwenye milinganyo
mpaka ukurasa ukawa kama umevamiwa na sisimizi.
Fundi Kubíček, ambaye ameshaona wengi wakija na kuondoka,
alinimiminia kahawa kikombe tele, asiulize kitu.
Ile ilikuwa rambirambi.

Kisha Jumanne moja ya Novemba,
mabomba ya kupasha joto yamekufa,
Bi Vlasta akaingia na ndoo saa nzima kabla ya zamu yake
(alikuwa na miadi kwa daktari wa meno),
akapiga deki chini ya mashine kwa maji ya moto.
Mvuke ukapanda, ukatua juu ya chuma baridi.
Sikumwona. Nilikuwa nimempa mgongo.
Nikabonyeza kitufe kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna,

na chuma kikalia.

Hertzi elfu mbili mia moja na arobaini:
mstari mmoja umesimama peke yake kwenye skrini.
Sikio langu la kushoto lilivuma hadi mchana.
Bi Vlasta akaangusha tambara.
"Nimevunja nini?"
Nilikuwa nalia, nadhani. Au nacheka.
"Rudia," nikamwambia. "Tafadhali. Piga deki tena."

Unyevu, basi. Umande tu,
mwembamba hata kidole hakiutambui,
ndio uliogombanisha chuma na pedi.
Maabara yetu ilikuwa kavu mno, safi mno.
Tulikuwa tumeiondolea asubuhi.

Wiki nne alikuja na ndoo, nami nikapima.
Daftari langu lingali linasema: ndoo moja,
ndoo mbili, ndoo mbili na nusu.
Baadaye tukanunua mtambo wa mvuke kwa bei ya gari kuukuu;
Bi Vlasta akauzunguka, akasema
ndoo yake haihitaji umeme.

Tasnifu ilifika kurasa mia moja na tisini.
Kwenye shukrani niliandika jina lake lote, Vlasta Pokludová,
juu ya jina la kampuni.
"Si desturi," Havránek aliandika pembeni, kwa penseli.
Kwa penseli. Nikaliacha.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje, bwana mmoja kutoka Graz,
miwani kaipandisha kwenye paji,
aliruka sura zote sita akarudi mwanzo.
"Huyu Pokludová," akauliza, "ni wa idara gani?"
Jopo likanigeukia. Kule nyuma Kubíček akakohoa.
Nje manyunyu yalikuwa yameanza,
na pale konani tramu ikafunga breki.
Nikaingoja imalize kulia
ndipo nijibu.